Mvua ya kwanza sio msimu: maswali yenu ya bustani za nyumbani Dodoma

Safari hii meseji zimejaa mpaka nikazipanga mezani kama karata, na nyingi ni kilio kilekile, mvua ilikuja ikaondoka na mboga zikaondoka nayo. Nimechukua chache, zenye kilio kinachofanana nimezijibu kwa pamoja, na mliouliza kuku wa kienyeji subirini mwenye kurasa zake arudi likizo.

Shikamoo anti. Nimehamia Nzuguni kikazi natokea Tanga. Mwezi wa 11 mvua ikapiga siku mbili mfululizo, nikasema haya ndo yenyewe, nikahamishia miche ya nyanya kama 40 na tuta mbili za chainizi. Baada ya hapo ikakata kama mtu kafunga koki. Wiki tatu jua tupu, maji ya bomba kwetu yanatoka kwa zamu, vyote vikakauka. Jirani yangu mzee wa hapahapa hakupanda kitu, alikuwa ananiangalia tu anatabasamu. Nilikosea wapi na nianze tena lini? Mama wa wawili, Nzuguni.

Marahaba mdogo wangu, na pole. Huyo mzee wala hakuwa anakucheka vibaya, alikuwa anakumbuka na yeye alivyofanyiwa hivyohivyo akiwa kijana, sema wazee wetu hawasemi mpaka uulize.

Ulichokosea ni kalenda. Tanga mna vuli na mna masika, yaani mvua ya mwezi wa 10 mpaka 12 ikikuzingua bado kuna nyingine mwezi wa 3 inakusubiri. Huku hatuna hiyo. Sikiliza siku moja Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa utabiri, utasikia wanataja vuli, masika, halafu kuna kitu kinaitwa tu "msimu", Novemba mpaka Aprili, hapo ndo Dodoma tulipo sisi na Singida na wenzetu wa kusini na magharibi. Ni mvua moja kwa mwaka basi, na kwa hapa mjini wastani wake ni kama milimita 550 mpaka 600 hivi, sasa linganisha na kwenu Tanga ambako mnapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwahiyo mvua ya Novemba kwetu ni kama mgeni anayechungulia mlangoni kuuliza wenyewe wapo, mara nyingi msimu wa kweli unakaa sawa Desemba.

Mi mwenyewe napima hivi. Mvua ikinyesha nasubiri kesho yake asubuhi nachimba kwa jembe pembeni ya bustani, nikikuta unyevu umeshuka chini zaidi ya shibiri moja naanza kuiamini, nikikuta juu pameloa chini vumbi hiyo ilikuwa ya kupoza joto tu. Na hata ikishuka shibiri bado nangoja irudie ndani ya wiki moja hivi. Isiporudi sihamishi mche hata mmoja.

Ila kungoja sio kukaa bure jamani. Mwezi wa 11 ni wakati wa kitalu. Nyanya inakaa kitaluni kama siku 25 mpaka 30, kwahiyo ukisia katikati ya Novemba miche inakuwa tayari katikati ya Desemba, mvua ikichelewa unachelewesha kidogo na hujapoteza kitu, maana kitalu cha mita moja kwa mita moja unakimwagilia na keni moja asubuhi na moja jioni hata maji yawe ya zamu. Kiwekee kichanja cha nyasi juu kwa ajili ya jua, usisie mbegu zikabanana na usimwagilie mpaka pawe tope, maana hapo ndo kinyausi kinaingia, unaamka asubuhi miche imelala chini kama imekatwa na wembe kwenye shingo. Wiki ya mwisho punguza maji na toa kivuli kidogokidogo ili miche izoee shida, halafu uhamishe jioni. Tafadhali usihamishe yote siku moja. Mi huwa nabakiza kama theluthi kitaluni, nilijifunza kwa kabichi mwaka niliohamisha miche yangu yote Jumamosi moja kwa furaha na Jumatano sina hata mmoja, mume wangu mpaka leo akipita pale anasema "kaburi la kabichi".

Jambo la pili, tuta zako. Najua Tanga mnainua tuta juu ili maji yasituame, na ukaja nayo hiyo. Huku fanya kinyume, chimba chini. Tuta la Dodoma linatakiwa liwe kama sinia, udongo umeshuka sentimita 15 hivi na kingo zimeinuka pande zote, ndani unachanganya samadi iliyooza vizuri, sio ile ya jana. Udongo wetu huu mwekundu wa kichanga ukipigwa na mvua juu unashikana kama sakafu, maji yanateleza yanaenda kwa jirani, sasa ukiwa na sinia kila tone likidondoka linabaki kwako. Kuna wiki mbili tatu kwenye mwaka mvua inapiga haswa na sinia linajaa, hapo unatoboa kingo upande mmoja maji yatoke, likipungua unaziba, hamna kazi kubwa.

Juu ya tuta weka matandazo, nyasi kavu ambazo hazina mbegu, nene kama vidole vinne. Najua swali linalofuata ni mchwa. Ndio watakuja, hii ni Dodoma, mchwa wana hati ya kiwanja kabla yetu. Usisogeze nyasi mpaka kwenye shina, acha nafasi ya kiganja, na mi nawaachia wale nyasi kuliko wale mche, nyasi zikiisha naongeza.

Na usije ukajisahau mvua zikishakolea Januari, kuna kile kipindi cha mwishoni mwa Januari na Februari mvua inakaa kimya hata wiki mbili tatu, watu wa mahindi wanakijua vizuri sana maana ndo kinawakatia. Mboga za muda mfupi ndo zinakusaidia hapo. Mchicha unachuma baada ya wiki tatu au nne tu, kwahiyo sia kidogokidogo kila baada ya siku kumi, mbegu zake ni ndogo mno changanya na mchanga mkavu ndo umwage, jua likija likikuharibia kipande kimoja vingine vinakuwa bado.

Anti mi ni mwanafunzi, tumepanga watatu chumba na sebule huku Makulu, mwenye nyumba hataki tuchimbe hata shimo la mbilimbi. Uani pamepigwa zege. Tunaweza kupata mboga kweli?

Mnaweza, na nyie ndo mtakula mboga kushinda wenye viwanja maana mnachonyanyua mnahamisha kivulini jua likizidi.

Tafuteni viroba vya kilo 50, vile vya mahindi au vya unga, na makopo ya rangi yaliyooshwa, na madumu ya lita 20 yaliyopasuka, mnayakata kwa ubavu. Vyote vitobolewe chini. Udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, na kama udongo wenyewe ni mzito wa kunata ongeza mchanga. Kwenye kiroba kuna ujanja wa katikati, chukueni kopo lisilo na kitako, lisimamisheni katikati ya kiroba, lijazeni kokoto ndogo, zungusheni udongo pembeni, halafu vuteni kopo juu kidogo mjaze tena mpaka mfike mdomoni. Linabaki bomba la kokoto katikati, maji mnamwaga humo yanafika mpaka chini, la sivyo juu panaloa na chini panabaki pakavu, na hili ndo linaua bustani nyingi za viroba nilizoona hapa mjini. Toboeni ubavuni matundu ya kupishana, umbali wa shibiri, humo pandeni sukuma wiki na chainizi, juu wekeni nyanya moja au bamia mbili, sio tano. Matembele ndo rahisi kuliko vyote, omba kwa mtu vipande vya mtambaa urefu wa mkono, choma udongoni, mwagia, basi.

Maji ya kuoshea mboga na mchele mwageni humo. Ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga hapana, yana chumvi. Na viroba visigusane na ukuta unaopigwa na jua la mchana, ule ukuta ni jiko.

Habari dada. Nyanya zangu zinazaa vizuri tu ila zikianza kukua kitako kinakuwa cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi ya kiatu. Duka la pembejeo moja nimeuziwa dawa ya ukungu nimepiga mara tatu hamna kitu. Nikaambiwa niongeze urea. Baba wa Kongwa.

Baba rudisha bomba la dawa stoo. Hiyo ni kuoza kitako, haina mdudu wala ukungu ndani yake, na dawa uliyopiga imeenda bure, hasira zako nazielewa.

Kinachotokea ni kwamba tunda linahitaji kalisi, yaani madini ya kalsiamu, na kalisi haisafiri bila maji. Sasa mvua zetu za leo ipo kesho haipo, mche unanyweshwa ukashiba siku tatu halafu unakaa na kiu siku sita halafu unashibishwa tena, ile siku ya kiu tunda changa linakosa kalisi kule mwisho kabisa kwenye kitako, sehemu inakufa, ikishakufa hairudi. Mara nyingi udongo wenyewe una kalisi ya kutosha, shida ni usafiri. Na hiyo urea ndo inazidisha, inasukuma majani yakue haraka, majani yanavuta maji yote, tunda linabaki linaangalia. Acha urea kabisa kwa sasa.

Chuma zote zilizoharibika, usiziache zinakula nguvu ya mche (kata kipande cheusi, kilichobaki kula hakina shida). Matandazo kama nilivyomwambia mama wa Nzuguni. Halafu maji yawe ya ratiba, kidogo kila siku au nyingi kiasi kila baada ya siku mbili, chagua moja usibadilishe, na mvua ikinyesha ruka, ikikata rudi hapohapo usisubiri mche uiname ndo ukumbuke. Chupa za maji za lita moja na nusu zinasaidia sana, toboa kifuniko na pini ya moto, kata kitako, ichomeke kichwa chini pembeni ya shina, ukijaza inashuka taratibu. Maganda ya mayai mnayoambiwa kila mahali yanaoza polepole mno, yasage yaweke kwenye mboji kwa ajili ya mwaka kesho, kwa nyanya ulizonazo leo hayafiki kwa wakati. Mara nyingi matunda ya mwanzo ndo yanaumia zaidi, yanayofuata utaona nafuu.

Ila chunguza usichanganye mambo. Ukiona tundu dogo karibu na kikonyo na majani yana mabaka kama karatasi nyembamba yenye vijia ndani, huyo ni kantangaze, mdudu wa Amerika ya Kusini aliyeingia kwetu 2014, huyo ni habari nyingine, ng'oa majani yenye mabaka funga kwenye mfuko mweusi uanike juani afie humo, na muone bwana shamba wa kata kabla hujanunua dawa maana amezoea nyingi na watu wanazidisha vipimo. Ukiona mabaka ya kahawia kama yamemwagiwa mafuta yanatambaa haraka baada ya siku tatu nne za mawingu na baridi, hiyo ndo bakajani, hapo dawa ya ukungu ingekuwa na kazi. Na jua likirudi kali na vumbi, geuza jani uangalie chini, ukikuta vinukta vyekundu vinatembea na kautando kama ka buibui huo ni utitiri. Hali ya hewa ikigeuka na mdudu anageuka, ndo maana siwezi kuwapa dawa moja ya mwaka mzima. Utitiri na vidukari mi naanza na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, napuliza jioni chini ya majani, narudia baada ya siku nne.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, udongo juu umeweka weupe kama majivu, maharage na karoti havioti kabisa. Nifanyeje? Kisasa.

Hilo ni tatizo la visima vingi hapa mjini, na maharage, karoti na vitunguu ndo hazitaki chumvi hata kidogo, umechagua wale wenye roho nyepesi. Badilisha, panda spinachi na bitiruti, hizo zinavumilia. Na ukimwagilia maji ya chumvi usinyunyize kidogokidogo juujuu, yanakauka yanaacha chumvi palepale, mwaga mengi kwa mara moja mpaka yashuke chini ya mizizi halafu acha siku mbili.

Lakini dawa ya kweli ipo juu ya bati lako. Chukua paa la mita za mraba 60, nyumba ya kawaida tu ya vyumba vitatu huenda linazidi hapo. Mvua ya milimita 20, ile ya saa moja hivi ya nguvu, inakumwagia lita 1,200. Kwa mwaka mzima wa milimita 550 ni lita 33,000, hata robo ikipotea kwenye mifereji mibovu bado una kama 25,000, na ni maji matamu yasiyo na chumvi. Sisemi ununue tenki kubwa leo, najua bei. Anza na mfereji wa upande mmoja na mapipa mawili, mvua ya kwanza ya msimu iache ipite ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, za baadae kinga. Maji ya bati tumia kwa kitalu na miche midogo, ya kisima wape wakubwa. Na mvua zikikolea zenyewe zinaosha ule weupe zinausukuma chini, Machi utaona tofauti.

Anti bogenvilia yangu ina miaka mitatu, naimwagilia kila siku, naiwekea samadi, imejaa majani hadi inapendeza ila ua hakuna. Ya jirani haijaliwi na mtu na imewaka pinki ukuta mzima. Nimerogwa? Iyumbu.

Hujarogwa, umeidekeza. Bogenvilia ni mmea wa shida, ukiulisha na kuunywesha kila siku unaona hakuna haja ya kuhangaika na maua, unaota majani tu. Acha kabisa samadi, acha kuimwagilia mpaka uone majani yameanza kulegea ndo uipe, na ihakikishe inapata jua la siku nzima, kama kuna mti unaitia kivuli kata tawi la mti. Kiangazi chetu cha Mei mpaka Oktoba ndo msimu wake wa kujidai, na ndo ujue kwanini ya jirani imewaka. Hiyo pinki yenyewe kiukweli ni majani yaliyobadilika rangi, ua ni kale kadogo keupe katikati, nakuambia ili na wewe ukamringishie jirani.

Ukitaka maua ya kupanda msimu huu wa mvua uone haraka, sia zinia moja kwa moja ardhini mvua zikishatulia, ndani ya miezi miwili hivi zimechanua na joto haziogopi. Portulaka, lile la kutambaa linalofungua jua likitoka na kufunga mchana ukipita, liweke kwenye kingo za tuta ambako hakuna kingine kinachoota. Na adeniamu, lile lenye shina nene kama chupa, ukiliwekea kwenye kopo lenye kokoto na ukalisahau ndo utalipatia, wanaoliua ni wanaolimwagilia mwezi wa 6 na wa 7 usiku joto likishuka mpaka digrii 14, mizizi inaoza. Waridi nalo linakubali hapa, sema upepo wa kuanzia mwezi wa 8 unalivua nguo, lifiche nyuma ya ukuta.

Samahani anti swali la kijinga. Mi ni wa Dar, nimepanga Msalato, mvua zilipoanza yameota magugu mengi pembeni ya ukuta na mama mmoja anayepita na ndoo ya mboga ananiomba ayachume kila siku. Niyang'oe niweke ukoka?

Subiri kwanza, na swali wala sio la kijinga. Siwezi kuapa bila kuona, ila mama wa Kigogo hawezi kusimama kwenye ukuta wa mtu kila siku kwa ajili ya magugu, huo karibu hakika ni mlenda. Unaota wenyewe na mvua, haujui mbolea wala dawa, na watu wa huku wanauchuma sasa hivi wanakula mbichi na mwingine wanaanika, wanausaga wanaweka, mwezi wa 9 kukiwa hakuna jani la kijani popote wao wanapika mlenda wa unga na karanga na ugali wa uwele, sisi wa kununua chainizi sokoni Majengo tunalalamika bei.

Ukoka utakunywa maji yako yote ya zamu na hautaula. Kesho yule mama akija mkaribishe achume, muombe akuonyeshe upi ni mlenda na upi sio, maana sio kila jani la ukutani linaliwa, na muombe akufundishe kuupika na magadi kidogo. Halafu iache michache ikomae ikauke pale ukutani imwage mbegu zake, Desemba ijayo utaikuta imekutangulia.